Kifaa Kimoja, Bei Tatu: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Vifaa vya Umeme Vilivyochakaa Nyumbani

Karibu kila nyumba ya mjini ina kaburi lake la vifaa. La kwetu lilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Ndani mlikuwa na vitochi viwili (simu ndogo za vitufe), simu ya tachi yenye kioo kilichopasuka, king'amuzi, pasi iliyokatika waya, chaja kumi na tatu ambazo hakuna aliyejua ni za nini, na laptopu iliyowekwa pale kwa maneno yaleyale ya siku zote: "Tutaipeleka kwa fundi." Ilikaa miaka sita. Nilipoipeleka, fundi aliifungua, akaitazama, akaniambia bila kunionea aibu kwamba ningeileta mapema angenipa hela ya maana, lakini sasa anachoweza kuchukua ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na hadidiski (diski ya kuhifadhia mafaili) tu. Bodi, lile bamba la saketi, hakuitaka hata bure.

Kilichonipata ndicho kinachowapata wengi. Kila kifaa kina bei tatu. Ya kwanza ni bei ya kifaa, yaani mtu anakinunua akitumie. Ya pili ni bei ya vipuri, fundi anakinunua akivunje atoe kioo, betri, kamera. Ya tatu ni bei ya mizani, ambapo jina la kampuni halina maana tena, kinachohesabiwa ni kilo za shaba na aluminiamu. Chini ya hapo hakuna bei, kuna sumu tu ya kuondoa nyumbani kwa uangalifu. Kifaa kinashuka ngazi hizo moja moja na hakipandi tena, isipokuwa mara chache nitakazozitaja. Kazi yako ni kujua cha kwako kimesimama ngazi ipi leo.

Jinsi bei inavyoshuka

Watu hudhani bei ya kifaa inashuka polepole kama maji ya pipa linalovuja. Kwa kweli inashuka kama mtu anayeteremka ngazi: inatulia kwa muda, halafu inadondoka ghafla.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni iPhone ya kwanza. Iliingia sokoni Marekani tarehe 29 Juni 2007, na ile ya GB 8 iliuzwa dola 599. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, siku 68 baadaye, Apple wakaishusha hadi dola 399. Waliowahi kununua walipiga kelele mpaka kampuni ikawapa fidia ya dola 100 ya kununulia bidhaa zake. Hiyo ilikuwa simu mpya dukani. Fikiria aliyekuwa anataka kuuza ya mkononi wiki ile.

Kinachoidondosha bei mara nyingi ni toleo jipya. Apple kwa kawaida hutangaza iPhone mpya mwezi Septemba, na Samsung hutoa simu zake kubwa za Galaxy S mwanzoni mwa mwaka. Ukitaka kuuza ya zamani, uza kabla ya tangazo, usisubiri mpya ifike Kariakoo.

Sababu nyingine watu wengi hawaioni, nayo ni programu kukikataa kifaa. Tangu Januari 1, 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android 4.4 kurudi nyuma. Simu inaweza kuwa nzima, betri inakaa, kioo hakina mkwaruzo, lakini kwa mnunuzi wa hapa kwetu simu isiyo na WhatsApp ni kitochi kikubwa. Kwa kompyuta siku ya namna hiyo ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, kwa hiyo zimeshuka ngazi nzima kwa mkupuo. Bado zinafaa kuandikia barua na kufundishia watoto, na ukiziwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, zinaendelea kupata ulinzi, ila mnunuzi wa kawaida hataki kusikia habari hiyo. Upande wa pili wa jambo hili ni faida: Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 wameahidi miaka saba ya masasisho. Ukinunua simu leo, uliza muda huo kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, maana ndio utakaoshika bei yake siku ya kuuza.

Kuna nyakati bei hupanda. Mwaka 2011 mafuriko yalizamisha viwanda vya Thailand, na hadidiski zikapanda bei dunia nzima karibu mara mbili. Baada ya Korona, mwaka 2020 na 2021, chipu ziliadimika na vifaa vya mtumba vikapata wateja. Mwishoni mwa 2025 RAM nazo zikapanda kwa kasi kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kompyuta za akili mnemba. Ndiyo maana fundi wangu alizitoa zile RAM kwanza, kabla hata ya kumaliza kuilaani bodi.

Na kuna dola. Vifaa vyetu vinatoka nje, hivyo shilingi ikidhoofika, kipya kinapanda na cha mkononi kinapanda nacho. Kenya, Januari 2024, dola moja ilifika takriban shilingi 160, kisha ndani ya mwaka huohuo ikarudi karibu 130. Aliyeuza laptopu ya mtumba Januari na aliyeuza ileile Agosti hawakuwa kwenye soko moja.

Hatua ya kwanza: toa vyote nje, uvitenge

Chagua siku moja, tandika mkeka uani, mwaga kila kitu. Usianze na kifaa kimoja kimoja kwa siku tofauti, hutamaliza. Weka mafungu manne: vinavyowaka na kufanya kazi, vinavyowaka kwa tatizo, vilivyokufa, na vya hatari. Fungu la nne ndilo la kushughulikiwa kwanza, ingawa halina hela. Humo ingiza betri zilizovimba, betri za asidi zinazovuja, taa za tyubu na zile za kuokoa umeme zilizopasuka, na kitu chochote kinachonuka kama kilichoungua.

Betri ya simu au laptopu iliyovimba haijaribiwi. Usiichaji "uone kama itakubali", usiitoboe kutoa hewa, usiibane irudi umbo lake. Ile hewa ni gesi inayoweza kushika moto, na ikitobolewa inalipuka mkononi. Kama inatoka bila kulazimisha, itoe. Kama haitoki, acha kifaa kizima kama kilivyo. Weka kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na mtungi wa gesi na mbali na watoto, mpaka siku ya kuipeleka. Betri nzima za lithiamu zifunike ncha kwa tepu ya umeme, maana zikigusana kwenye mfuko mmoja zinaweza kuwasha moto zenyewe.

Taa ya tyubu au ya kuokoa umeme ina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika chumbani, fungua madirisha, toka nje dakika kumi na tano hivi, rudi ukusanye vipande kwa karatasi ngumu na upanguse kwa kitambaa kibichi. Usifagie kwa ufagio wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi, vitaisambaza tu.

Hatua ya pili: uliza bei kwa swali sahihi

Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Tunaingia mtandaoni, tunaona simu kama yetu imetangazwa kwa laki nne, tunaamua ya kwetu ni laki nne. Ile si bei. Ile ni ndoto ya mtu mwingine, na huenda tangazo lina miezi mitatu bila mteja.

Nenda kwenye maduka au vibanda vitatu tofauti, Mtaa wa Aggrey kama uko Dar, Luthuli Avenue kama uko Nairobi. Usiulize "hii mnauzaje?" Uliza "hii mnanunua shilingi ngapi, keshi, sasa hivi?" Kati ya majibu hayo matatu la katikati ndilo bei yako ya chini. Halafu kwenye kibanda cha nne jifanye mnunuzi, uliza ya aina hiyohiyo inauzwaje. Hiyo ndiyo dari. Ukiuza mwenyewe kwa jirani au mfanyakazi mwenzako, utaangukia mahali fulani katikati, na pengo kati ya namba hizo mbili ndiyo faida ya mwenye duka kwa kodi, kwa dhamana ndogo anayotoa na kwa kukaa na mzigo.

Jihadhari na mpango wa "lete ya zamani, ongezea hela, chukua mpya". Si mbaya wenyewe, lakini mwulize atenganishe namba mbili: ya zamani anaichukua kwa ngapi, na mpya angeiuza kwa ngapi kama ungekuja mikono mitupu. Wengine hukupa bei nzuri ya zamani kisha huirudisha kimyakimya kwenye bei ya mpya.

Msimu nao una neno lake. Januari watu wanauza vitu kulipia ada, soko limejaa wauzaji, usiende kuuza bila shida. Televisheni iuze mashindano makubwa ya mpira yakikaribia, si yakiisha.

Hatua ya tatu: kutengeneza au kutotengeneza

Hesabu ni fupi. Chukua bei ya kifaa kikiwa kizima, toa bei yake kikiwa kibovu, toa gharama ya fundi. Tuseme laptopu ikiwa nzima inanunuliwa 350,000/=, ikiwa hivihivi mbovu inanunuliwa 90,000/=, na fundi anataka 150,000/=. Kinachobaki ni 110,000/=. Je, inatosha kwa kwenda na kurudi kwa fundi mara nne na hatari ya kuharibika tena wiki mbili baadaye? Kwangu, ndiyo, kama tatizo ni kioo, betri, kibodi au hadidiski, kwa sababu hivyo ni vitu vya kubadilisha na kuondoka. Kama tatizo ni bodi, kama kifaa kiliingia maji, kama fundi anasema "tuanze na aisii moja tuone" (aisii ni chipu ndogo ya kwenye bodi), jibu langu ni hapana, uza kibovu.

Kama unatengeneza ukitumie mwenyewe, hesabu ni nyingine kabisa. Betri mpya kwenye simu ya miaka mitatu ni hela ndogo kuliko simu mpya yoyote, na ndiyo njia bora zaidi ya kupunguza taka. Kifaa kinachobaki kazini hakihitaji kurejelezwa.

Hatua ya nne: futa kabla hakijatoka mlangoni

Hatua hii usiiruke hata kwa simu uliyoamua kumpa mpwa wako.

Anza kwa kuhifadhi picha na namba za watu, na nakala ya WhatsApp. Kisha toka kwenye akaunti: kwenye Android ondoa akaunti ya Google, kwenye iPhone toka iCloud na uzime huduma ya kutafuta simu. Ukifuta simu bila kutoka kwenye akaunti, mnunuzi ataiwasha na kukuta inadai nywila yako. Simu imekuwa tofali na yeye anakuona tapeli. Baada ya hapo ndipo urudishe simu kwenye mipangilio ya kiwandani. Toa laini, toa kadi ya kumbukumbu. Laini usiitupe na simu: imesajiliwa kwa jina lako na inabeba pochi yako ya simu. Kwa Tanzania, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, utashangaa.

Kompyuta ni ngumu zaidi, hasa zenye hadidiski ya kuzunguka. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la takataka hakufuti kitu, fundi mwenye programu ya bure anayarudisha jioni moja. Kwenye Windows tumia njia ya kuiweka upya kompyuta, na uchague kusafisha diski kabisa, siyo kuondoa mafaili tu. Kama mashine haiwaki, fungua skrubu, toa diski, ubaki nayo. Diski usiyoihitaji itoboe kwa dirili mara mbili tatu kupitia kwenye sahani zake, ukiwa umevaa miwani. Kama vifaa ni vya ofisi, zahanati au chuo, jambo hili ni la kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ukiuza simu, andika karatasi ya mauziano hata kama ni kwa mtu unayemfahamu. Weka majina, tarehe, bei, na namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, unayoipata kwa kupiga *#06#. Simu hiyo ikitumika kesho kwenye utapeli, karatasi hiyo ndiyo itakayokutoa. Mnunuzi naye muoneshe risiti na boksi kama unavyo. Vinaongeza bei kuliko kava jipya, kwa sababu hofu ya kila mnunuzi ni simu ya wizi au ya bandia. Tanzania haijasahau usiku wa Juni 2016 ambapo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima.

Hatua ya tano: kwa kifaa kilichokufa, uza kwa fundi kabla ya mizani

Simu iliyokufa bado ina kioo, kamera, spika, sehemu ya kuchajia. Lakini bei ya vipuri inaishi muda ule ambao kuna watu bado wanatumia simu ya aina ile. Kioo cha modeli iliyouzwa sana mtaani kina mteja kila wiki. Kioo cha simu ya ajabu uliyoletewa na mjomba kutoka Muscat hakina, hata kama ilikuwa ghali mara tatu.

Televisheni bapa iliyopasuka kioo usiibebe mzimamzima kwenda kwa mizani. Kioo chake hakina thamani, lakini bodi ya umeme, bodi kuu na taa za nyuma mafundi wanazitafuta. Andika namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma, ipige picha, uwatumie mafundi wawili watatu. King'amuzi mara nyingi ni chaja yake na rimoti ndivyo vinavyotakiwa.

Hatua ya sita: mizani, bila moto

Kinachobaki sasa ni chuma. Tafuta sumaku; ya spika ya redio mbovu inafaa sana. Kinachonasa ni chuma, bei ndogo. Kisichonasa kitenge: chekundu ni shaba, au kopa kama wenyewe wanavyoita, cheupe na chepesi ni aluminiamu, cha rangi ya dhahabu iliyofifia ni brasi. Ukivipeleka vimechanganyika utalipwa kwa bei ya kile cha chini. Shaba nyingi ya nyumbani iko kwenye nyaya, kwenye koili za mota za feni na pampu, na kwenye transfoma za stebilaiza na redio za zamani.

Nyaya zivue ganda kwa kisu, au ziuze na ganda lake kwa bei pungufu. Usizichome. Ganda hilo ni plastiki ya PVC, na moshi wake mweusi unatoa dayoksini (sumu kali) na asidi zinazoingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mama anayeanika mboga nyumba ya pili. Zaidi ya hapo, shaba iliyochomwa inakuwa nyeusi na wanunuzi wengi wanaishusha daraja, kwa hiyo umejitia sumu ili ulipwe kidogo.

Mizani yenyewe ipime. Beba chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Ni kilo moja na nusu na kidogo cha chupa. Iweke kwanza, mbele ya kijana wa mizani, kwa tabasamu. Ikisoma kilo moja, mshukuru uondoke.

Nizungumzie na dhahabu, maana kuna video nyingi zinazowafundisha vijana kuchemsha bodi kwa tindikali. Ni kweli bodi zina dhahabu. Japani walitengeneza medali zote za Olimpiki ya Tokyo kutoka vifaa chakavu: tani 78,985 za vifaa, pamoja na simu milioni 6.21, zikatoa kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za malighafi ya medali za shaba. Sasa gawa kilo 32 kwa mzigo huo. Simu zako nne zitakupa chembe ndogo tu, lakini tindikali ya naitriki inaweza kukuacha bila jicho. Bodi zikusanye, ziuze kwa kilo kwa wakusanyaji wanaosafirisha kwenye viwanda vyenye mitambo.

Vifaa visivyofunguliwa nyumbani

Televisheni ya chogo. Ile tyubu ya kioo inabeba risasi (metali nzito yenye sumu) kwa kilo, si gramu, na wakati inafanya kazi hubeba umeme wa volti zaidi ya elfu ishirini, ambao unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Watu huivunja kupata koili ya shaba iliyo shingoni, kisha kioo kinabaki kwenye mtaro kikinyeshewa. Ipeleke nzima.

Oveni ya maikrowevu. Kapasita yake inahifadhi volti za kuua. Hata mafundi wazuri huiheshimu.

Friji. Tazama stika nyuma, karibu na kompresa, uone gesi. R12 ni ya friji za zamani sana, ndiyo iliyokuwa ikila tabaka la ozoni mpaka dunia ikakubaliana kuiondoa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. R134a haigusi ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni zaidi ya mara 1,300 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. R600a ipo kwenye friji nyingi mpya na inashika moto kama gesi ya kupikia. Kwa zote tatu, yule kijana anayekata bomba kwa koleo ili achukue kompresa haraka anafanya kosa, na kwenye R600a, akiwa na sigara mdomoni, anaweza asirudi kwao. Muite fundi friji mwenye mashine ya kuvuta gesi kwenye mtungi. Wakati friji bovu linasubiri nje, ng'oa mlango. Watoto hucheza kujificha humo, na mlango ukijifunga mtoto mdogo anaweza kushindwa kuufungua kwa ndani.

Betri ya asidi, ya gari au ya sola. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, kwa hiyo ina bei nzuri kwenye mizani na wanunuzi watakufuata mpaka mlangoni. Usimwage asidi ili kupunguza uzito wa kubeba. Wengine hukutaka uimwage kwenye mtaro kabla ya kupima. Risasi haina mchezo na akili za watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia sumu kijiji kizima; Phyllis Omido aliyepigania haki yao alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya rufaa kuupindua uamuzi huo, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Iuze betri ikiwa nzima, imesimama wima, kwa mnunuzi mwenye kibali, hata akitoa pungufu kidogo kuliko wa kichochoroni.

Betri ndogo za tochi na rimoti hazina bei popote. Nimeona nyumba zinazozitupa chooni, shimo lilelile lililo mita chache kutoka kisimani. Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko, zijaze humo, peleka ikijaa.

Hatua ya saba: pa kupeleka

Taka za kielektroniki duniani zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3. Kwa Afrika haifiki asilimia moja. Kwa hiyo usitarajie pipa la rangi maalumu kwenye kona ya mtaa wako.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mkusanyaji anatakiwa awe na kibali. Piga simu au fika ofisi ya kanda yako ya NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, uombe orodha ya wenye vibali walio karibu. Mtu akija nyumbani na gari, mwombe akuoneshe kibali hicho, akikasirika umeshapata jibu. Kenya anayetoa leseni ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, na Nairobi kuna kituo cha kurejeleza cha WEEE Centre kilichoanza mwaka 2012. Rwanda wana kiwanda cha kurejeleza cha Enviroserve wilayani Bugesera. Muulize pia aliyekuuzia. Baadhi ya maduka makubwa na kampuni za simu huwa na sanduku la vifaa vya zamani ambalo hawalitangazi.

Kama uko mbali na mji, mfuko wako mmoja hautamvuta mtu. Shirikianeni: shule, msikiti, kanisa, kikundi cha kinamama, kila mmoja alete vyake Jumamosi moja, mpigie mkusanyaji ukimwambia una mzigo wa kujaza pikapu. Taa ndogo za sola zilizokufa, ambazo vijijini ni nyingi kuliko laptopu, ziende katika mzigo huo. Kila moja ina betri ndani. Mpaka siku hiyo, hifadhi pakavu, juu ya ardhi, bila kuchoma wala kufukia.

Cha kubakiza

Sanduku langu la bati sasa lina vitu vitatu. Chaja mbili ambazo nimezijaribu na kuzibandika jina kwa kipande cha plasta. Daftari dogo ambamo kila kifaa kinachoingia nyumbani kinaandikwa tarehe, bei, IMEI au namba ya kiwandani, na mwezi ambao masasisho yake yataisha. Ikibaki miezi mitatu kabla ya mwezi huo, naanza kutafuta mteja. Na kitochi kimoja kizima, kimezimwa, betri ikiwa nusu, ambacho nakiwasha kila baada ya miezi mitatu kuona kama bado kinashika mtandao. Simu kubwa ikiibwa kwenye daladala, ndicho kitakachopokea laini mpya siku hiyohiyo, kabla mwizi hajagusa pochi.